Kangaga la Ukutani Sanyuanli

Mwenyekiti wetu alikuwa na magoti mabovu, na magoti yale ndiyo yaliyotuingiza sote katika elimu ya mimea.

Wakati huo nilikuwa nimeshakaa Guangzhou miaka saba, mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya tano ya jengo la zamani lisilo na lifti. Kazi yangu ilikuwa kununua vitambaa vya mapazia soko la Zhongda na kuvisafirisha Unguja, nilikozaliwa. Jengo lilijaa watu wa kwetu, na "kwetu" ukishafika China hupanuka: mlikuwamo Watanzania, Wakenya na Wakongo, na sote tuliitana ndugu mpaka inapofika zamu ya kufagia ngazi. Tulikuwa na jumuiya. Jumuiya ilikuwa na mwenyekiti, bwana mmoja wa Dar es Salaam, mnene na mkarimu, ambaye hata akiomba chumvi alikuwa anahutubia. Ilikuwa pia na katibu, ambaye ni mimi. Nilichaguliwa siku ambayo sikuhudhuria.

Nyuma ya jengo kulikuwa na ukuta mrefu wa matofali uliozuia udongo wa kilima kidogo usituangukie. Chini yake ulipita mfereji wa maji machafu. Hakuna aliyewahi kupanda kitu pale, lakini kila palipomong'onyoka chokaa kati ya tofali na tofali, palitoka jani. Yalikuwa majani marefu kama mkono wangu toka kiwikoni, kila moja lina vijani vyembamba pande mbili, vimepangana kama meno ya chanuo. Jua la Julai lililokuwa likikausha nguo zetu kwa nusu saa halikuyafanya kitu. Mvua za tufani zilizong'oa mabango ya maduka ziliyaacha palepale, yameoshwa tu. Nilijua ni kangaga la namna fulani, maana kwetu kila jani la sura ile tunaliita kangaga tukapita zetu. Kwa miaka saba nami nilipita zangu.

Asubuhi moja mwenyekiti alimwona mzee wa Kichina, amevaa glavu, anayakata majani yale kwa kisu kifupi na kuyatia kwenye mfuko. Akasimama kumtazama mpaka alipomaliza. Kisha akapanda ghorofa tano kwa magoti yake yaleyale, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata nilipofiwa.

"Dada Katibu," akaniambia mlangoni, akihema, "Mchina hachumi jani bure."

"Labda anasafisha ukuta," nikasema.

"Kwa glavu?"

"Anayesafisha ndiye anayevaa glavu, Mwenyekiti."

Akanitazama kwa masikitiko. "Ndiyo maana nyinyi watu wa vitambaa hamwendelei. Kitu kiko mbele ya macho yenu, nyinyi mnaona uchafu. Yule anachuma dawa. Na Mchina akianza kutengeneza dawa, anaanza na ya magoti."

Simuni mwake alikuwa na programu ya kutambua mimea kwa picha. Tukashuka hadi ukutani. Picha ya kwanza programu ikasema ni mchikichi mchanga. Picha ya pili ikasema ni mmea wa mapambo unaofaa ofisini. Picha ya tatu iliingia ncha ya kandambili yake, na programu ikajibu kwamba haikuona mmea wowote. Picha ya nne ikasema ni kangaga, bila kusema lipi, na chini yake pakaandikwa kwamba baadhi ya makangaga hutumika katika tiba za asili. Mwenyekiti akazima simu, akaitia mfukoni. Mtu akishapata jibu analolitaka haoni haja ya picha ya tano.

Mkutano uliitishwa siku ya pili yake chumbani kwake. Nilikuwa na daftari la mukhtasari, na ajenda ilikuwa moja: Utambuzi wa Jani. Jani lenyewe lililazwa katikati ya meza, juu ya sahani, mfano wa mtuhumiwa. Wajumbe kumi na mmoja walilizunguka, na nikikumbuka vizuri hakuna aliyeligeuza kuona upande wa chini.

Mwenyekiti alieleza habari za mzee, glavu na mfuko. Alipofika mwisho, mzee alikuwa amekuwa mganga, na mfuko umekuwa mifuko.

Aliyempinga alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mnunuzi wa viatu katika masoko ya Liuhua na kiongozi wa kwaya ya Wakongo. Huyu alisoma kwa masista na hakuruhusu mtu alisahau hilo. Alikaa wima, mkoba mapajani.

"Mwenyekiti, pardon," akasema. "Mimi masere walinifundisha botanique. Mmea unatafutwa famille kwanza, jamaa yake, kisha genre, kisha espèce. Hauwezi kuruka."

"Sawa kabisa, Maman," mwenyekiti akasema. "Famille yake ni nini?"

Maman akaivuta sahani karibu. "Famille yake ni mboga. Watu wa bwana yangu, kule mtoni, wanakula hii na samaki ya kukauka. Mimi mwenyewe nimeipika."

"Ni hili hasa?"

"Ni ya hivi."

Mabishano yalichukua saa nzima. Kijana mmoja wa Kenya aliuliza kama hatuwezi kumuuliza Mchina yeyote pale nje. Mwenyekiti akamjibu kwamba hoja yake ni nzuri na haimo katika ajenda. Mwishowe tukapiga kura. Saba walisema ni dawa, wanne walisema ni mboga. Hakuna aliyesema hajui, kwa kuwa chaguo hilo halikuwekwa. Mimi nilipiga kura ya dawa, kwani mwenyekiti alikuwa amenikalia ubavuni. Ili Wakongo wasitoke na kinyongo, ikaamuliwa kwamba jani ni vyote viwili: wenye maradhi watalinywa, na Maman atalipika Jumapili baada ya ibada, watu waonje. Niliandika hivyo kwa mwandiko mzuri.

Tulikuwa bado tumekaa alipoingia mwenye nyumba kusoma mita ya maji. Alikuwa bibi wa Kikanton, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, akiishi peke yake ghorofa ya chini. Sote tulimwita ayi, yaani mama mdogo au shangazi, kama Wachina wanavyomwita kila mwanamke wa makamo. Mazungumzo yangu naye kwa miaka saba yalihusu bomba, taka na viatu vilivyoachwa kwenye ngazi. Ayi akaliona jani sahanini. Akalishika shina, akaligeuza, akalirudisha.

"Bu neng chi," akasema.

Wote wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa na Kichina cha kutosha kukataliwa bei kwa urefu. "Anasema haliliki," nikatafsiri.

Ayi akaongeza sentensi nyingine, ndefu zaidi, ambayo nilidaka neno moja tu. Alisema ndani ya jani lile mna shen. Neno shen nililijua kutoka kwa wauza rangi za vitambaa: ni rangi iliyokolea, au kitu chenye kina.

"Anasema lina kina ndani yake," nikawaambia.

Mwenyekiti akapiga meza kwa kiganja, polepole. "Mmesikia wenyewe. Dawa yenye kina. Halafu anatuambia haliliki. Jamani, tumefanya biashara na hawa watu miaka mingapi? Muuza duka akikwambia meiyou, hakuna, si ndiyo unajua imejaa stoo? Huyu bibi hataki tujue."

Watu wakacheka. Ayi alituangalia mmoja mmoja, akasoma mita yake, akaondoka. Nakumbuka alisimama kidogo mlangoni kama anayetafuta neno jepesi zaidi, kisha akaona tumeshaendelea na mengineyo.

Kwa siku tatu mwenyekiti alikunywa chai ya kangaga asubuhi na jioni. Siku ya tatu akatangaza kwenye kundi letu la simu kwamba magoti yamepona. Ni kweli alikuwa anatembea vizuri. Ni kweli pia kwamba kwa siku tatu hizo hakwenda Liuhua kupanda na kushuka ngazi za masoko, alikaa kitandani akipokea wageni waliokuja kuuliza hali ya magoti. Mimi alinipa kikombe. Nilikunywa nusu kwa adabu. Chai ilikuwa na ladha ya maji yaliyooshewa mchicha. Jumamosi watu wawili wa jengo la jirani wakaja kuomba jani, na mwenyekiti akaanza kuzungumzia mifuko yenye nembo.

Jumapili asubuhi, kwa wadhifa wangu wa katibu, nilitumwa ukutani kuchuma machipukizi laini ya kuongezea sufuria ya Maman. Wageni wa baada ya ibada walikuwa wanafika thelathini, na alichochuma Ijumaa kisingetosha. Nilikuwa nimeshajaza nusu ya kikapu nilipohisi mtu amenishika kifundo cha mkono. Alikuwa Ayi, na kandambili zake za ndani. Akakichukua kikapu, akaenda nacho mpaka kwenye pipa la taka, akakipindua.

Nilikasirika. Nilimwambia kwa Kichina changu cha sokoni kwamba ukuta ni wake lakini majani ni ya Mungu. Sina hakika kama ndivyo nilivyosema kwa kweli. Huenda nilimwambia Mungu ni jani. Yeye alisubiri nimalize, kisha akaniashiria nimfuate ndani.

Miaka saba sikuwahi kuvuka kizingiti cha mlango ule. Nilitarajia nyumba ya bibi anayesoma mita: televisheni, kalenda, mifuko ya nailoni. Nikakuta ukuta mzima wa makabati yenye droo nyembamba, na kila droo imebandikwa karatasi ya maandishi madogo. Juu ya kabati kulikuwa na picha za watoto wa shule, safu kwa safu, na katikati ya kila safu alikaa yeye, katika kila picha nywele zikipungua weusi. Alikuwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari mpaka alipostaafu. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimemlipa kodi mwanamke aliyejua jina la kila jani la mtaa ule, na nilipomtaja kwa watu nilimwita bibi wa bomba.

Akavuta droo, akatoa karatasi ambayo juu yake jani lilelile lilikuwa limekaushwa na kubanwa kwa uzi. Kando akaweka jani bichi. Akanipa kioo cha kukuzia, akazungumza polepole, anavyozungumza mwalimu na mwanafunzi aliyerudia darasa.

Kwanza nitazame umbo zima. Vijani vya chini kabisa ni vifupi, kama masikio madogo. Vinaendelea kurefuka kadiri unavyopanda, na kile cha mwisho kileleni ni kirefu, kimesimama peke yake kama mkuki. Kisha niligeuze. Nikaligeuza. Kwenye kingo za kila kijani, upande wa chini, ulipita mstari mwembamba wa kahawia, mmoja kushoto na mmoja kulia, na ukingo wa jani umejikunja kidogo kuufunika, mfano wa pindo la pazia. Pindo nalijua, hilo nililielewa bila tafsiri. Ayi akasema ndani ya pindo lile ndimo linamokaa vumbi linalozaa makangaga mapya, kwa kuwa kangaga halina ua wala mbegu. Makangaga mengine huweka vumbi lao kwa madoa ya mviringo katikati ya jani. Hili huliweka kwenye ukingo. Tena nitazame mguu wa shina: umevaa magamba laini, rangi ya majani makavu.

"Na linakaa wapi?" akaniuliza.

"Ukutani," nikasema.

"Kwa nini ukutani?"

Akanieleza kwamba linapenda chokaa. Mahali penye mawe ya chokaa, ukuta wa zamani, daraja bovu, ufa wa saruji, hapo utalikuta, na wala haliombi udongo mwingi wala maji. Wazee wa nchi ile wakiliona porini walijua chini yake kuna chokaa bila kuchimba. Jina lake ni wugongcao, jani la tandu, kwa sababu ya ile miguu yake mingi ya pande mbili. Lipo pale tangu enzi na enzi. Hakuna aliyelileta.

Nikauliza kuhusu yule mzee mwenye glavu. Ayi alisema ni fundi wake. Alimtuma ayakate kwa sababu mizizi inapanua nyufa na ukuta utakuja kulala juu ya watu. Majani yalikwenda jalalani.

Hapo ndipo nilipouliza kuhusu shen. Ayi akachukua kalamu, akaandika herufi mbili. Zinatamkwa sawasawa, akasema. Moja ni kina. Nyingine ndiyo aliyoitaja mkutanoni. Nikaipiga picha kwa simu ili initafsirie, nikasoma: aseniki.

Nilikaa kwenye kiti ambacho sikukaribishwa.

Ayi hakunitisha zaidi ya ilivyostahili. Alieleza kwamba jani la tandu lina tabia hii: ardhi ikiwa na aseniki, lenyewe huivuta kwa mizizi na kuilimbikiza majanini, nalo halifi wala halinyauki. Wataalamu hulipanda kwa makusudi mahali palipochafuka ili lisafishe ardhi. Palipo safi, lenyewe nalo halina cha kuvuta. Lakini zamani, kabla jengo letu halijajengwa, juu ya kile kilima palikuwa na karakana ya kupaka mbao dawa ya mchwa, na dawa hiyo enzi zile ilitiwa aseniki. "Limekunywa nini, mimi sijui," akasema. "Wewe unajua?"

Nikamwambia juu ya sufuria ya Maman. Alichukua kioo chake cha kukuzia, tukapanda ghorofa ya pili, kwa Maman.

Sebule ilijaa watu wa kwaya, wamevaa vitenge vipya, wanazungumza Kiswahili cha Kivu na Kifaransa. Mwenyekiti alikuwa mgeni wa heshima kwenye kiti kikubwa, chupa ya chai ya kangaga miguuni. Harufu ya samaki mkavu ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Jikoni Maman alikuwa amefunga kitambaa kichwani, anakoroga.

"Maman, zima moto," nikamwambia. "Hili jani si lile la kwa bwana yako. Huenda lina sumu."

Hakuacha kukoroga. "Nani anasema?"

"Ayi. Alikuwa mwalimu wa baiolojia."

Mkono ukasimama. Nadhani neno mwalimu lilimgusa pahala ambapo neno sumu lisingefika. Akamtazama Ayi, naye Ayi akaomba kwa ishara jani moja ambalo halijapikwa. Akaligeuza, akamwekea Maman kioo mkononi, akamwonyesha ukingo kwa kucha ya kidole kidogo. Mimi nikawa natafsiri, na safari hii nilipokwama nilisema nimekwama.

Maman alitazama muda mrefu. Akalipeleka jani dirishani kwenye mwanga, akatazama tena.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Ya kwetu haiko hivi. Ya kwetu inajikunja kama ngumi na iko na manyoya. Haina huu mstari." Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia, "Dada, masere walitufundisha kugeuza jani. Ni kitu ya kwanza walitufundisha."

Akazima gesi mwenyewe. Sufuria nzima, na samaki aliyetoka Bukavu ndani ya sanduku la nguo, ikamwagwa ndani ya mifuko mitatu na kufungwa. Sijapata kuona mtu akimwaga chakula kwa heshima namna ile.

Mwenyekiti alikuwa amefika mlangoni mwa jikoni. "Kuna nini? Sumu gani?"

"Aseniki," nikasema.

"Ile ya panya?"

"Ndiyo hiyo."

Alirudi kitini taratibu. Mpaka dakika ile alikuwa mtu mzima mwenye afya na magoti yaliyopona. Katika muda wa kuvuta pumzi mbili alipata kizunguzungu, kiungulia, ganzi ya vidole, na magoti yakarudi yote mawili. Akaniomba niandike wosia wake nikiwa katibu. Nikamwambia twende hospitali kwanza, wosia si ajenda ya leo. Kabla hatujatoka nilimwona Ayi anashuka ngazi mbio, na kwaya imesimama haijui itakula nini. Baadaye nilisikia kwamba alirudi na sufuria ya uji wa mchele na mikate ya mvuke yote aliyokuwa nayo kwenye friji, akaenda tena kwa jirani yake kuomba mingine, na wanakwaya wakala, wakamwimbia.

Hospitalini daktari kijana alisikiliza habari yote bila kucheka, nami namheshimu mpaka leo kwa hilo. Tulipimwa sote wawili, yeye kwa vikombe vyake sita na mimi kwa nusu kikombe changu. Majibu yalipotoka, siku chache baadaye, hatukuwa na madhara. Daktari alisema tumepata bahati, na kwamba ukuta usichukuliwe kuwa umethibitishwa salama. Kuhusu magoti, alimweleza mwenyekiti kwamba yamebeba mzigo mzito kupita kiasi. Mwenyekiti akajitetea kwamba siku hizi mizigo habebi, anaagiza vibarua. Daktari akamwelekeza kwenye mizani.

Wiki iliyofuata kikao kiliitishwa kusahihisha mukhtasari. Mwenyekiti aliniomba nibadilishe palipoandikwa kwamba wajumbe walitambua jani kuwa dawa, pasomeke kwamba wajumbe waliazimia kulifanyia uchunguzi wa tahadhari, na kwamba yeye mwenyewe alijitolea mwili wake. Nilikataa. Tukabishana kwa utaratibu, kupitia kwa mwenyekiti, ambaye ni yeye. Maman alinyanyua mkono, akasema kama mukhtasari utabadilishwa, basi na sufuria yake irudishwe ilivyokuwa. Hapo hoja ikafa. Ukurasa ule bado upo daftarini na kura saba za dawa, moja yao yangu.

Siku ile ya hospitali nilikuwa nimeona haya kiasi kwamba wiki nzima nilishuka ngazi kwa kunyata nisikutane na Ayi. Alinisubiri kwenye mita. Akaniambia Jumamosi anakwenda Mlima Baiyun, kama nina viatu vizuri nimfuate. Nilikwenda. Mwenyekiti alisikia, akaja, na Maman naye akaja na daftari.

Mlimani udongo ni mwekundu, chini ya misonobari, na kumejaa kangaga jingine tofauti kabisa. Lina shina jembamba gumu linalogawika mara mbili, kisha mara mbili tena, na linatambaa ardhini mpaka huoni pa kukanyaga. Ayi alisema hili ni mangqi. Linakaa kwenye udongo mchachu, na chokaa halitaki kabisa. Lile la ukutani ukilileta huku halistawi, na hili ukilipeleka ukutani halistawi. Alituuliza maswali. Maman alijibu karibu yote, na kila alipopata alifunga daftari kidogo na kulifungua tena. Mwenyekiti alinyoosha simu, programu ikasema ni minyoo. Ayi aliitazama ile simu, akauliza kwa upole kama imewahi kusoma shule.

Wakati wa kupumzika tulikaa kwenye ngazi za mawe, Ayi akamenya chungwa. Nilimuuliza kwa nini siku ile ya mkutano hakubaki kutueleza vizuri. Akasema alifundisha maisha yake yote, na anaijua sura ya darasa lililokwisha kuamua. Lakini aliporudi chini alijilaumu, akawa anauchungulia ukuta kila asubuhi kutoka dirishani, aone nani atakuja. Jumapili nikaja mimi. Alisema hayo bila kunitazama, anagawa chungwa. Nikapokea kipande changu, nikayakusanya maganda yake.

Mwaka uliofuata nilikwenda Unguja likizo. Nyuma ya nyumba ya mama yangu kuna kisima cha zamani kisichotumika, kimezungushiwa ukuta wa mawe. Nilikwenda kuanika nguo, nikaliona limetoka kwenye ufa, vijani vyake viwili viwili kama miguu ya tandu. Nilidhani macho yananidanganya. Mama alikuwa anachambua mchele barazani.

"Mama, hili limepandwa na nani?"

"Lipi? Hayo majani tu. Yalikuwapo kabla sijaolewa hapa."

"Yanaitwaje?"

"Makangaga. Umekwenda China kujifunza makangaga?"

Nililigeuza jani. Mistari miwili ilikuwapo kwenye kingo, imefunikwa na pindo. Nikapiga picha, nikamtumia Ayi, nikaandika kwa fahari kwamba jani lake lipo kwetu, na kwamba nalo ni la kwetu tangu zamani. Jibu lilikuja saa hiyohiyo. Picha haikutulia, aliandika. Vijani vya chini havionekani. Ukuta umejengwa kwa nini?

Nikamwuliza mama. Akasema kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama kuta zote za zamani. Nikakwaruza kwa ukucha mpaka unga mweupe ukanibaki kidoleni. Kisha nikapiga magoti kwenye majani mabichi kando ya kisima, mama akiniangalia kama aliyepoteza mtoto, nikaweka simu chini kabisa kwenye mguu wa shina, nikasubiri mkono utulie.